Nani Husafiri Peke Yake?

Msomaji kijana, hapana shaka umepata kusikia habari za watu waachao nyumba zao, wakaenda mbali katika miji iliyojengwa mabegani mwa milima ya Himalaya, ili wakae huko peke yao na kutembea polepole. Msafiri wa namna hii hana haraka. Hupanga chumba kidogo Darjeeling au Leh; asubuhi hutazama theluji vileleni, mchana hutembea kwa miguu, na jioni huandika aliyoyaona. Wengine humwonea kijicho, na wengine humcheka wakisema kuwa apoteza wakati. Lakini desturi hii si mpya, wala si upuzi.

Katika karne ya 7, mtawa mmoja wa Uchina, jina lake Xuanzang, aliondoka kwao bila ya idhini ya serikali. Alivuka jangwa hali yu peke yake, nusura afe kwa kiu, kisha akapita milima mirefu mpaka Bara Hindi. Alipofika Kashmir hakupita mbio. Alikaa yapata miaka 2 akisoma. Aliporejea kwao mwaka 645 aliandika habari za nchi alizozipita, akataja mwelekeo wa kila njia na umbali wake. Zaidi ya miaka 1,200 baadaye, wachunguzi wa mambo ya kale huko India walikishika kitabu hicho kama dira, nacho kikawaongoza kwenye miji na mahekalu yaliyokuwa yamefukiwa na udongo. Tazama basi: mtu aliyekwenda polepole aliwafaa watu ambao hawajazaliwa bado.

Huna haja ya kupanda Himalaya ili ujifunze jambo hili. Nchi iliyo kati ya Suna na ziwa ilipata msafiri wake wa polepole mwaka 1911, naye aliandika kuwa alikuwa peke yake. Nataka tuifuate safari yake pamoja. Katika kuifuata tutajifunza mambo mawili: la kwanza, faida ya kwenda polepole, la pili, namna ya kulipima neno hili "peke yangu" pindi tulionapo katika kitabu cha historia.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Simama Suna, karibu na mji wa Migori, uelekeze uso wako magharibi. Kushoto kwako barabara kuu ya lami yaenda Isebania, mpakani mwa Tanzania. Nyuma yako, upande wa kulia, barabara hiyo hiyo yapanda kuelekea nyanda za juu za Kisii. Mbele yako nchi yateremka kidogo kidogo mpaka Ziwa Victoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe. Mito miwili, Kuja na Migori, hutoka katika nchi za juu, ikaungana, kisha ikamwagika katika ziwa hilo. Ukifika ufukweni na kugeuka kaskazini utafika Karungu, penye ghuba tulivu. Leo Karungu ni mahali pa wavuvi na wafanya biashara, lakini mwanzoni mwa utawala wa Waingereza palikuwa makao ya serikali kwa nchi yote ya kusini, kabla makao hayo hayajahamishiwa Kisii.

Huko Karungu yalionekana mambo ya ajabu. Udongo ulipomomonyoka kwa mvua ulifichua meno na mifupa iliyogeuka mawe. Baadhi ya meno hayo yalipelekwa London, na mwaka 1911 mtaalamu aitwaye C. W. Andrews alieleza kuwa yalikuwa ya mnyama wa jamii ya tembo aliyekwisha kutoweka duniani. Mnyama huyu hakuota pembe zake katika taya la juu, kama tembo tumjuaye. Pembe zake zilitoka katika taya la chini, zikapinda kuelekea ardhini kama makucha. Aliitwa Deinotherium hobleyi. Sehemu ya pili ya jina hilo ni heshima kwa C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni ambaye kwa mkono wake mifupa ilifika London. Likumbuke jina hilo, maana tutalirudia.

Jumba la makumbusho la London lilitaka kujua zaidi, likamtuma mtaalamu wa miamba aitwaye Felix Oswald. Bwana huyu alikuwa amekwisha kuandika kitabu juu ya miamba ya Armenia, na mwaka 1911 alikuja kuichunguza nchi ya Karungu. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901, lakini haikuendelea kusini. Kwa hiyo mtu aliyetaka kwenda pande hizi alitegemea chombo cha majini na miguu ya watu.

Tena nchi yenyewe iliogopwa. Tangu mwanzo wa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulikuwa umeshika mwambao wa ziwa. Upande wa Uganda peke yake waliangamia watu zaidi ya laki mbili katika muda wa miaka 20, na mwambao wa Kenya nao haukuokoka. Mwaka 1903 waganga walitambua kuwa ugonjwa huenezwa na mbung'o, yule nzi apendaye vichaka vya kando ya maji. Lakini kujua si kuponya. Nyumba zilibaki mahame, makonde yakageuka pori, na kila aliyeteka maji mtoni alijua kuwa huenda analipia maji hayo kwa uhai wake.

Hii ndiyo nchi ambayo Oswald aliipita kwa miguu. Alikwenda polepole, si kwa kuwa hakuweza kuharakisha, bali kwa kuwa kazi yake haikukubali haraka. Mifupa ya Karungu imelala katika matabaka ya udongo na mchanga, tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu kilicholazwa. Mwandishi wa kurasa hizo ni mlima wa moto wa kale uitwao Kisingiri, ambao mabaki yake ndiyo vilima vya Gwassi uvionavyo leo. Mlima huo ulitema majivu mara nyingi, na majivu na matope yakawafunika wanyama, mamba, kasa na konokono wa zama zile, zaidi ya miaka milioni 17 iliyopita. Atakaye kusoma kitabu hicho hana budi kuhesabu kila tabaka, kupima unene wake, na kujua ni tabaka gani lililotoa mfupa gani. Akiokota jino asijue lilitoka tabaka gani, ameokota jiwe tu.

Oswald hakuishia ufukweni. Alichunguza nchi yote iliyo kati ya ziwa na nyanda za juu za Kisii, na mwaka 1914 maelezo yake juu ya matabaka ya Karungu na miamba ya nchi hiyo yalichapishwa katika jarida la wataalamu wa miamba huko London. Wataalamu waliomfuata, hata wa siku zetu, wangali wakiyarejea. Leo mtu aweza kuikata nchi hiyo kwa gari katika asubuhi moja. Ataona vilima, mbuzi na mashamba ya mtama, kisha atasema kuwa ameiona. Wazee walinena kweli: mwenda pole hajikwai. Nami naongeza kuwa mwenda pole huona kile ambacho wengine hujikwaa juu yake.

Hilo ndilo somo la kwanza. Sasa tulitazame la pili, ambalo ni gumu zaidi.

Mwaka 1915 Oswald alitoa kitabu cha safari yake, akakiita Alone in the Sleeping-Sickness Country, maana yake Peke Yangu katika Nchi ya Malale. Liangalie vizuri jina hilo. Nchi ile haikuwa tupu. Ilikuwa na Waluo wa Karungu na Kadem. Ilikuwa na Wasuba, ambao wengi wao walikuwa wakianza kusema Kijaluo huku wakikumbuka nasaba zao za Kibantu. Ilikuwa na watu wa Suna. Na huko juu ilikuwa na Wagusii. Isitoshe, hapana msafiri wa zama zile aliyejibebea hema, kitanda, chakula, dawa na masanduku ya mifupa ya mawe. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa wa kilo 27 au 30. Kuchimba mtaro katika udongo mkavu ni kazi ya majembe mengi. Kuijua njia, kivuko na kisima ni elimu ya mwenyeji, wala haipatikani katika ramani ya mgeni. Je, mtu wa namna hii alikuwa peke yake?

Tusimwonee. Yamkini alipoandika neno hilo alimaanisha kuwa hakuwa na mwenzi wa lugha yake wa kuzungumza naye jioni, na upweke wa namna hiyo ni upweke wa kweli. Mwanafunzi aliyepelekwa shule ya bweni ya mbali, asikokujua mtu, aufahamu vizuri. Lakini mwanafunzi wa historia ana wajibu wa kuuliza swali jingine: ni nani aliyehesabiwa, na ni nani aliyeachwa? Watu wakiitwa "wapagazi" tu, pasipo jina wala kijiji, msomaji huwapita kama anavyopita vichaka vya njiani. Tena kumbuka kuwa hatari ya malale haikuwa ya mgeni peke yake. Mgeni alikuja kwa kipindi, kisha akarejea kwao. Aliyembebea mzigo alirejea kando ya mto ule ule, penye mbung'o wale wale. Kama ushujaa ni kuipita nchi ya malale, basi ni neno gani litakalomfaa yule aliyeishi ndani yake?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii twaijua sote, lakini vitabu vingi vya safari viliandikwa kana kwamba kidole kimoja chaweza.

Hata majina ya wanyama wa kale yatufundisha jambo hilo hilo. Nilikuomba ulikumbuke jina la tembo yule wa Karungu. Lilitukuza ofisa, halikumkumbuka mchungaji wala mvuvi ambaye unyayo wake ulizoea kukanyaga mawe yale. Sasa tuvuke kwenda kisiwa cha Rusinga, kilicho katika Kaunti ya Homa Bay. Mwezi wa Oktoba 1948 Mary Leakey alikuwa akitembea polepole katika mteremko uliomomonyoka, macho yake chini. Aliona vipande vya mifupa, kisha jino lililokuwa bado limeshikwa na udongo. Lilikuwa fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani wakubwa aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Habari zake zilienea duniani kote, na jina la Leakey likaenea pamoja nazo.

Lakini akina Leakey nao hawakuwa peke yao. Miongoni mwa waliofanya kazi nao kwa miaka mingi alikuwako Mkenya aitwaye Heselon Mukiri, mtu mwenye jicho kali na mkono mpole wa kutoa mfupa ardhini usivunjike. Mwaka 1993 wataalamu walipoipa jina aina ile ya Rusinga, ambayo fuvu la 1948 ni la kwake, waliiita Proconsul heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri. Mwaka 2015 wataalamu wengine walibadili sehemu ya kwanza ya jina, ikawa Ekembo. Lakini heseloni likabaki. Hesabu mwenyewe: tangu tembo wa Karungu alipopewa jina la ofisa mpaka nyani wa Rusinga alipopewa jina la mfanya kazi, ilipita miaka 82. Haki ilifika, lakini nayo ilikuja kwa miguu.

Pengine utasema, "Hao ni wachache wenye bahati. Je, wale ambao majina yao yamepotea kabisa?" Kwa swali hilo nakupeleka mahali pa tatu, nako ni Thimlich Ohinga, yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori.

Kwa Kijaluo, ohinga ni boma la mawe, na thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Hapo utakuta kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo wa kuyashikiza. Kimo chake ni tangu mita 1.5 hadi 4.5, na unene wake ni kama mita 1. Maboma makubwa ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Milango yake ni mifupi, hata mtu mzima hana budi kuinama aingiapo; na mwenye kuinama hawezi kuingia na mkuki umeinuliwa. Ndani yake watu waliishi pamoja na mifugo yao. Wataalamu hukadiria kuwa maboma hayo yalianza kujengwa katika karne ya 16, nayo si peke yake: katika eneo zima la Nyanza pamehesabiwa mahali 138 penye majengo ya namna hiyo.

Ukienda mbio utasema, "Kabila fulani lilijenga ngome hii," ukaondoka. Ukikaa polepole utaona zaidi. Ukuta una sehemu tatu: uso wa nje, uso wa ndani, na kiini cha katikati kiunganishacho nyuso hizo mbili. Jiwe refu hulala juu ya mawe mafupi, likayafunga. Hapana mtu mmoja awezaye kujenga hivyo. Mmoja huinua, mwingine hupokea, wa tatu huchagua. Tena utajifunza kuwa waliokaa hapo hawakuwa wa ukoo mmoja wala wa lugha moja. Walikaa watu wa asili ya Kibantu, wakaja watu wa asili ya Kiniloti, na kila waliokuja walitengeneza kuta walizozikuta, wakaziongeza na kuzibadili kwa haja zao. Kama wa pili wangalibomoa kazi ya wa kwanza kwa kuwa si ndugu zao, leo tusingalikuta kitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu walihama, na msitu ukaanza kuurudia mji. Mwaka 2000 Thimlich Ohinga iliwekwa katika orodha ya mahali pa kale palipo hatarini duniani. Kazi ya kutengeneza ilifuata. Na mwaka 2018 UNESCO iliitia katika Urithi wa Dunia.

Hapana jina hata moja la mwashi lililochorwa katika kuta zile. Walakini kila jiwe lashuhudia kuwa palikuwa na mkono. Hapo ndipo nilipolifahamu vizuri zaidi kosa la kitabu cha 1915. Kosa si kusafiri peke yako. Kosa ni kusahau kuwa njia unayoipita ilikanyagwa, kisima unachokinywea kilichimbwa, na ukuta unaokukinga ulijengwa.

Sasa, msomaji, ni zamu yako. Nakushauri usafiri, na usafiri polepole. Ukiwa ungali mwanafunzi, omba kwanza ruhusa ya wazazi na walimu, na usiende mahali pasipojulikana bila mtu wa kukuongoza. Hiyo si aibu, ni akili. Nenda na daftari na kalamu. Ukifika katika kijiji, amkia kabla ya kuuliza. Mzee akianza kwa nasaba ya babu zake, usimkatize ukitaka afike upesi kwenye jibu lako, maana nasaba hiyo aghalabu ndiyo jibu. Profesa Bethwell Ogot, aliyetoa kitabu chake cha historia ya Waluo wa kusini mwaka 1967, aliionyesha dunia kuwa masimulizi ya wazee yaweza kupimwa na kulinganishwa hata yakawa historia kamili. Ukiona mfupa au chombo cha kale, kiache mahali pake, ukawaarifu watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria ya mwaka 2006 yavilinda vitu hivyo, na umekwisha kujua kuwa jino lisilo na tabaka lake ni jiwe tu.

Malale hayatishi tena kama yalivyotisha. Bonde la Lambwe, karibu na vilima vya Gwassi, lilipata mlipuko mwaka 1980, lakini mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Kenya imeushinda ugonjwa huo usiwe tena balaa la umma. Waliofanya kazi hiyo, wakitega mbung'o vichakani na kupima damu za watu na za mifugo, nao ni wengi, na wengi wao hatuyajui majina yao.

Basi utakaporudi nyumbani na kukaa kuandika habari za safari yako, tenga ukurasa mmoja kabla ya ule wa kwanza. Mwandike humo mama aliyekupa maji, kijana aliyekuonyesha kivuko, mzee aliyekusimulia, na dereva aliyekungoja. Andika jina la kila mmoja wao kama alivyolitamka mwenyewe, na kama hukuliuliza, rudi ukaliulize. Ukurasa huo ukijaa, ndipo uanze kusema ulikwenda wapi.